Makangaga madogo yanayofanana kama mapacha: namna ya kuyatofautisha na kuujua ukoo wake

Wadau, ukipanda kutoka Muheza kwenda Amani, ukishafika kule juu ambako msitu umefunga na mawe yanatoa maji, simama kwenye jiwe moja tu lenye unyevu karibu na kijito uliangalie kwa dakika kumi. Utaona makangaga madogo, urefu wa kidole au kiganja, kikonyo cheusi kinachong'aa, vipande vya jani vimejipanga kushoto na kulia kama meno ya kitana, na ukimuuliza mpita njia atakwambia hilo ni kangaga, basi. Ukiyakalia hapo unaanza kuona kumbe ni aina tatu, nne, pengine tano, na mbili kati yake zinafanana kiasi kwamba hata aliyesomea anazichanganya. Hapo ndo utamu wa kazi hii ulipo na hapo ndo wengi wanapokata tamaa, kwahiyo naandika njia ninayoifuata mimi ili mwanafunzi wa botania au bwana misitu au yeyote mwenye lenzi na moyo wa subira aweze kuanza.

Jambo moja nalisema mapema kwasababu yote ya huko chini yanatokana nalo: usiamini umbo la jani moja. Tumezoea kuchora ukoo wa viumbe kama mti, tawi linagawanyika, linagawanyika tena, yakishaachana yameachana. Makangaga hayaendi hivyo. Spishi mbili zinaachana, zinakaa mbali miaka mingi mno, alafu zinakutana kwenye jiwe moja zinazaa chotara, chotara anaongeza seti za kromosomu (zile nyuzi za urithi ndani ya seli) anakuwa spishi mpya inayojitegemea, na huyo mpya naye anaweza kuja kuzaa tena na mzazi wake. Ukoo wa namna hiyo ni wavu wa mvuvi, una mafundo. Kazi yako ni mbili basi, kwanza kutenganisha vinavyofanana, pili kutafuta kila fundo lilifungwa kati ya nani na nani.

Nitatumia zaidi jenasi (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Asplenium, kwasababu ni kubwa, kama spishi 700 duniani, na milima yetu kuanzia Usambara na Uluguru mpaka Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori imejaa. Ukiizoea hii, mbinu hizohizo unahamia nazo kwingine.

Kibali na vifaa

Kibali kwanza jamani. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia, iko chini ya TFS, wakala wa misitu, na utafiti kwa Tanzania unapitia tume ya sayansi, COSTECH, kwa Kenya NACOSTI, na sampuli zikitoka nje ya nchi kuna makubaliano ya Nagoya, yale ya kimataifa ya kugawana faida za rasilimali za viumbe. Anza miezi kadhaa kabla. Na ukishapata kibali usije ukang'oa mmea mzima, kangaga dogo adimu ukiling'oa kwenye ufa wake pengine ndo umelimaliza pale. Mi nachukua jani moja au mawili yenye spora zilizoiva, yaani lile vumbi ambalo kangaga linazalia badala ya mbegu, kipande kidogo sana cha shina chenye magamba, mmea wenyewe naacha uendelee.

Vifaa ni vya kawaida: lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, ukipata ya mara 20 bora zaidi, magazeti na mbao za kubania, bahasha ndogo za karatasi, daftari na penseli maana wino unayeyuka na mvua ya kule, rula, simu yenye GPS, na kopo la silika jeli, zile chembe zinazofyonza unyevu, kwa ajili ya vipande vya DNA. Bahasha ziwe za karatasi, sio nailoni, kwasababu kwenye nailoni jani linaoza na spora zinagandana. Tena uzikunje vizuri kwenye kona, spora ni vumbi na vumbi linatoka popote.

Hakikisha kwanza ni Asplenium kweli

Geuza jani. Kwenye Asplenium vifuko vya spora vinakaa kwa mistari, kila mstari umelala juu ya mshipa wa jani, na umefunikwa na utando mwembamba uliofunguka upande mmoja kama kifuniko cha bahasha. Ukiona viduara badala ya mistari, jua hiyo ni kitu kingine. Ila kuna wachache wanaokusumbua, mfano Asplenium theciferum ambaye mistari yake imekuwa mifupi ikajificha kwenye vikombe vidogo nchani mwa vipande vya jani, zamani aliwekwa kwenye jenasi yake peke yake.

Alama mbili zingine ambazo mi naziamini kuliko zote. Ya kwanza magamba ya shina: chomoa gamba moja kwa kibano, liweke kwenye mwanga uliangalie kwa lenzi, utaona seli zake zina kuta nyeusi nene na katikati ni angavu, yaani linafanana na dirisha lenye nondo. Ya pili kata kikonyo kwa wembe, chini kabisa karibu na shina utakuta mishipa miwili imegeuziana migongo, ukikata tena juu zaidi utakuta imeungana ikawa kama herufi X. Ukiona dirisha na X uko kwenye familia sahihi.

Alama za macho, na mitego yake

Sasa kutofautisha spishi kwa spishi. Watu wanakimbilia urefu wa jani na idadi ya vipande, mi nakushauri uviache kwanza hivyo vinabadilika na kivuli na maji. Angalia vitu ambavyo mmea haubadilishi kirahisi. Je kuna kichipukizi kwenye ncha ya jani, yaani kile kijimche kinachoota kwenye jani lenyewe alafu jani likigusa udongo kinatia mizizi? Asplenium normale anacho karibu na ncha, A. sandersonii naye anacho, A. formosum hana. Hiyo peke yake tayari imekutenganishia watu ambao kwa mbali ungeapa ni ndugu wa tumbo moja. Alafu hesabu mistari ya spora kwa kila kipande cha jani: A. monanthes, yule wa misitu ya juu kama Kilimanjaro, mara nyingi ana mstari mmoja tu kwa kipande, na umelala sambamba na ukingo wa chini, wengine wana mistari kadhaa imejipanga pande mbili za mshipa wa kati. Alafu rangi ya kikonyo, cheusi chote au cheusi kikaishia njiani kikawa kijani, kina pindo jembamba pembeni au hakina. Alafu shina, limesimama na majani yametoka kwa kichaka, au linatambaa.

Mtego wa kwanza ni umri. Mmea mchanga wa spishi moja unafanana na mmea mzima wa spishi nyingine, kabisa. Kwahiyo jani lisilo na spora usilipe jina, andika tu halijakomaa uendelee na safari.

Mtego wa pili ni mazingira, na hapa nataka nikae kidogo maana ndipo mahali pa kufikiri. Ukikuta aina ya majani mapana kwenye kivuli cha kijito na aina ya majani membamba kwenye mwamba wa jua, huwezi kujua kama ni spishi mbili au ni spishi moja inayoishi maisha mawili. Warren Wagner na mkewe Florence wa Chuo Kikuu cha Michigan walikuwa wanahangaika na Botrychium, makangaga madogo mno yanayotoa jani moja tu kwa mwaka, yanaanza maisha yake chini ya ardhi, yanafanana mpaka unachoka, na mwaka 1983 waliandika mbinu rahisi ambayo hata leo sijaona inayoishinda kwa kazi ya porini. Tafuta mahali ambapo ndugu wengi wa jenasi moja wanaishi pamoja, kwenye uwanja mmoja, udongo mmoja, maji mamoja. Pale wote wanakula chungu kimoja, kwahiyo tofauti unayoiona kati yao huwezi tena kuisingizia mazingira, imo kwenye damu. Na kama aina mbili zinaishi zimechanganyikana hivyo na bado huoni za katikati, una sababu nzito ya kusema ni spishi mbili. Ukiona za katikati chache, zilizodumaa au zenye umbo la ajabu, shuku chotara.

Ndo maana nilianza na jiwe moja. Usitembee kilomita kumi ukiokota moja moja, kaa kwenye jiwe moja upime mimea ishirini ya kila aina.

Kama una nafasi nyumbani chukua aina mbili zenye utata, zote mbili uzioteshe kwenye chungu kimoja, subiri majani mapya. Tofauti ikibaki kwenye majani yaliyoota kwako, hiyo ni ya kurithi. Ikipotea, umejua.

Yale membamba kama utando

Kwenye jiwe hilohilo utakuta pia makangaga ya utando, familia ya Hymenophyllaceae, jani lake kati ya mishipa lina unene wa seli moja tu, ukiliweka mbele ya macho unaona upande wa pili. Haya yakikosa maji yanajikunja kama yamekufa, mvua ikinyesha yanafunguka. Kuyagawa angalia mfuko wa spora pembeni mwa jani: ukiwa na midomo miwili kama chaza, ni Hymenophyllum, ukiwa kama tarumbeta yenye unywele umechomoza katikati, uko upande wa Trichomanes wa zamani, ambao siku hizi umegawanywa kwenye jenasi kadhaa kama Crepidomanes, Didymoglossum na Polyphlebium. Hayo yaoneshe maji kwanza kabla ya kubana, loweka jani lifunguke, maana likikauka limejikunja hata hadubini haitakusaidia.

Na kuna jambo la ajabu kwenye familia hii. Kangaga lolote lina maisha mawili, kuna mmea tunaouona, na kuna kile kijimea kidogo kinachoota kutoka kwenye spora, gametofaiti, ambacho ndicho kinachotoa mbegu za kiume na yai. Kwa kawaida kinaishi muda mfupi kisha kangaga linaota juu yake. Lakini Crepidomanes intricatum wa mashariki mwa Marekani anajulikana kwa gametofaiti peke yake, anaishi kwenye mapango kama nyuzi za kijani miaka na miaka bila kutoa kangaga. Kwahiyo ukikuta pamba ya kijani kwenye pango la Uluguru usiseme tu ni kuvu au mwani, chukua kipande, kikaushe, kiandikie namba.

Spora ndo msemakweli

Hapa ndipo kazi inapoanza kuwa tamu. Jani linaweza kukudanganya, spora hazina huo ujanja. Weka jani bichi lililoiva ndani ya bahasha ya karatasi, upande wa spora chini, bana kidogo, acha siku mbili tatu sehemu kavu, utakuta vumbi la kahawia. Chota kidogo kwa ncha ya sindano weka kwenye slaidi na tone la maji au gliserini, funika, tazama kwa hadubini. Hata hadubini ya shule ya sekondari inatosha.

Kwanza angalia kama ni nzima. Spora nzima za Asplenium zina umbo la haragwe, zinalingana, na zina pindo lililokunjamana nje kama kanga iliyofungwa ovyo. Ukikuta zimesinyaa, nyeusi, kubwa kwa ndogo zimechanganyika, nyingine ni vipande tu, basi unaangalia chotara tasa, kromosomu za baba na za mama zilishindwa kushikana mikono wakati wa kugawana. Mi ugunduzi wa namna hii unanipa furaha ya wiki nzima, kwasababu chotara anakwambia kwamba wazazi wake wapo jirani au walikuwepo, na kwamba wanaweza kuzaliana.

Pili hesabu. Tafuta kifuko kimoja kilichoiva lakini hakijapasuka, kiweke peke yake kwenye tone, kipasue kwa sindano taratibu, hesabu spora zote zilizotoka. Kangaga linalozaliana kwa kawaida lina 64 kwenye kifuko kimoja. Ukipata 32, tena kubwa na nzima, hilo linazaa bila kurutubishwa, mtoto anaota moja kwa moja kutoka kwenye gametofaiti bila yai kukutana na mbegu. A. monanthes ni wa namna hii, ana seti tatu za kromosomu, ambazo kwa mmea wa kawaida zingemfanya tasa, lakini yeye amekwepa hilo, anajinakili tu, na spora zake zimefika Marekani ya Kati, Hawaii na milima ya Afrika Mashariki. Rudia hesabu kwenye vifuko vitano sita kutoka majani tofauti kabla hujaamini, maana spora moja mbili zikibaki zimenata kwenye sindano utapata namba za ajabu.

Tatu pima. Mmea wenye seti nyingi za kromosomu una seli kubwa zaidi, kwahiyo spora zake ni kubwa na vitundu vya kupumulia kwenye jani pia ni vikubwa. Pima urefu wa spora 30 au zaidi, upime ganda la ndani tu, lile pindo la nje usilihesabu, na slaidi zote ziwe za kimiminika kimoja, ukichanganya ya maji na ya gliserini umeharibu kwasababu spora zinavimba tofauti. Chukua wastani. Kule Ulaya A. trichomanes ana aina mbili ambazo kwa macho hutazitenganisha kirahisi, yenye seti mbili inapenda miamba isiyo na chokaa na yenye seti nne inapenda chokaa na kuta za nyumba, spora za ya pili ni kubwa kwa wastani lakini vipimo vinaingiliana, kwahiyo spora moja haikwambii kitu, thelathini zinakwambia. Kwa makangaga ya utando kipimo cha vitundu vya kupumulia hakipo kabisa, kwasababu hayana vitundu hivyo.

Otesha mwenyewe

Hii ni rahisi na wengi hawaifanyi. Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko, weka udongo uliochemshwa, mwagia maji yaliyochemshwa yakapoa, pulizia spora kidogo sana juu, funika, weka dirishani pasipo jua kali. Baada ya wiki kadhaa utaona ukijani, alafu vijikaratasi vidogo vya umbo la moyo, milimita chache tu. Ukitaka kuthibitisha ile hesabu ya 32, hamisha moyo mmoja mmoja kila mmoja kwenye kijikopo chake, usimwagie maji juu, lowanisha udongo kutokea chini tu. Mbegu ya kiume ya kangaga inaogelea, pasipo na maji ya juu haifiki kwenye yai. Kangaga likiota hata hivyo, umeona kwa macho yako linavyozaa bila kurutubishwa.

Kromosomu

Hapa unahitaji maabara, lakini sio maabara ya ajabu. Irene Manton wa Leeds, Uingereza, alibadilisha fani hii yote kwa kitabu chake cha 1950, na msingi wa alichofanya bado unafanyika kwenye meza ya kawaida. Chukua kipande cha jani ambacho vifuko vyake bado ni vyeupe au kijani hafifu, vikishakuwa vya kahawia umechelewa, tumbukiza palepale porini kwenye mchanganyiko wa spiriti safi sehemu tatu na asidi kali ya asetiki sehemu moja. Ukirudi toa vifuko kwenye tone la rangi ya asetokarmini, funika, kandamiza kwa kidole gumba bila kuteleza, tazama.

Asplenium hesabu yake ya msingi ni 36. Mmea wenye seti mbili una 72, wenye seti nne 144, wenye seti tatu 108. Kundi la A. aethiopicum, ambalo liko karibu kila mlima wetu, lina mimea yenye seti nne na yenye seti nane ambayo kwenye presi unaweza kuiweka kwenye gazeti moja.

Lakini cha maana kuliko idadi ni kuona nani anashikana na nani. Tuseme unashuku kwamba mmea wenye seti nne ulitokana na mmea fulani wenye seti mbili. Ukipata chotara kati yao, atakuwa na 108. Ukimkandamiza ukaona jozi 36 na kromosomu 36 zimebaki pweke, kuna seti mbili ndani yake zinazotambuana, na dalili ni kwamba nusu ya mmea wa seti nne ilitoka kwa huyo unayemshuku. Ukiona zote 108 ziko pweke, umekosea mzazi, tafuta mwingine. Ila chunga, kama mmea wa seti nne ulijirudufu wenyewe bila kuchanganyika na spishi nyingine, seti zake mbili zinaweza kushikana zenyewe kwa zenyewe na ukapata picha hiyohiyo. Ndo maana jozi peke yake hazitoshi, unaziweka pamoja na umbo na DNA.

Mfano wa kujifunzia

Kama unataka kuona kazi nzima ilivyofungwa vizuri, jifunze habari ya milima ya Appalachia, Marekani. Kule kulikuwa na Asplenium nyingi ndogo ambazo maumbo yake yalikuwa yanateleza kutoka moja hadi nyingine. Yuleyule Warren Wagner mwaka 1954 akaonesha kwamba mzizi wa vurugu yote ni spishi tatu tu zenye seti mbili: A. montanum mwenye jani lililokatikakatika, A. platyneuron mwenye kikonyo cheusi na vipande vilivyopangika, na A. rhizophyllum mwenye jani refu lisilogawanyika ambalo ncha yake inatia mizizi na kuanza mmea mpya. Wa kwanza na wa pili wakazaa A. bradleyi, wa kwanza na wa tatu wakazaa A. pinnatifidum, wote wawili wana seti nne na wana rutuba. Wa pili na wa tatu wakazaa A. ebenoides, ambaye karibu kila mahali ni tasa, isipokuwa mahali pamoja Alabama ambapo seti zilirudufuka akapata rutuba.

Ninachokipenda hapo ni kwamba wanasayansi hawakuishia kwenye umbo. Margaret Slosson alikuwa ameshamtengeneza A. ebenoides kwa mikono yake mwaka 1902 kwa kukutanisha gametofaiti za wazazi wawili, hiyo ni zaidi ya miaka hamsini kabla ya mchoro wa Wagner. Mwaka 1963 ukaja ushahidi wa kemikali za majani, chotara ana kemikali za wazazi wote wawili zikijumlishwa. Miaka ya 1980 vikaja vimeng'enya, vikaonesha tena hilohilo, na zaidi ya hapo vikaonesha kwamba spishi hizi za seti nne zilizaliwa zaidi ya mara moja, yaani wazazi walewale walikutana sehemu tofauti na kufunga fundo lilelile upya. Ushahidi wa aina nne, kila mmoja umetoka njia yake, wote umefika mlango mmoja. Hicho ndo kipimo cha kazi yako na wewe.

DNA

Kipande cha jani ukubwa wa ukucha kwenye silika jeli kinatosha. Watu wengi wanaanza na jeni ya rbcL ya kloroplasti, ina herufi kama 1,400, na benki ya wazi ya GenBank imejaa rbcL za makangaga za kulinganisha. Panga mfuatano kwa programu ya MAFFT, chora mti kwa IQ-TREE, zote ni za bure na zinakwenda kwenye laptopu ya kawaida. Usisahau kuweka ndugu wa nje ya Afrika kwenye mti wako, spora zinasafiri na upepo, ndugu wa karibu wa kangaga la Usambara anaweza kuwa Madagaska au hata Marekani ya Kusini.

Sasa sikiliza vizuri hapa maana ndipo wengi wanapotoa majibu yasiyo sahihi. Kloroplasti kwa makangaga kwa kawaida inarithiwa kwa mama. Ukisoma rbcL ya spishi iliyotokana na chotara, mti utakuwekea pembeni mwa mama na baba hataonekana popote, na mti wenyewe utaonekana msafi kabisa. Hujakosea maabara, umeuliza nusu ya swali. Nusu ya pili iko kwenye jeni za kiini cha seli, kama pgiC, ambazo zinatoka kwa wazazi wote. Kwenye chotara utapata nakala mbili tofauti ndani ya mmea mmoja, ukizisoma kwa njia ya kawaida zitakuja zimepandana, kwahiyo zitenganishe kwanza kwa kuzikloni (kila nakala unaiongeza peke yake ndani ya bakteria) au tumia mashine inayosoma vipande virefu kimoja kimoja. Alafu weka kila nakala kwenye mti kama ni mmea unaojitegemea. Nakala moja ikikaa kwa spishi huyu na nyingine kwa spishi yule, umelipata fundo, na ukilinganisha na rbcL unajua nani mama nani baba.

Kuna wakati nakala moja inakaa peke yake, haimkaribii yeyote unayemjua. Hapo una mzazi aliyepotea. Amekufa kabisa, au yuko kwenye msitu ambao hakuna mtu ameupiga lenzi. Kwa milima yetu mi nina imani kubwa na hilo la pili, kuna mabonde Uluguru na Udzungwa ambayo makangaga yake madogo hayajawahi kupimwa spora hata mara moja.

Kuandika jina na kuhifadhi

Ulinganishe na Flora of Tropical East Africa, kazi iliyoanza kutoka mwaka 1952 ikakamilika 2012, na picha za sampuli za asili zilizoko Kew, bustani ya mimea ya London, zinapatikana mtandaoni, uzikuze uangalie magamba. Sampuli za kushika kwa mkono nenda kwenye hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa: Arusha kwenye Hebaria ya Taifa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Nairobi kwenye Hebaria ya Afrika Mashariki ambayo mwanzo wake ulikuwa hapohapo Amani mwaka 1902.

Ukishindwa kufika kwenye spishi andika kundi, mfano kundi la A. aethiopicum, seti hazijahesabiwa. Hiyo ni taarifa nzuri kuliko jina la kubahatisha ambalo mtu mwingine atalibeba kwenye ramani yake bila kujua. Na kwenye karatasi ya sampuli gundisha bahasha ya spora, andika wastani wa kipimo na umepima ngapi, idadi ya spora kwa kifuko, nzima au zimesinyaa, aina ya mwamba, mwinuko, na majina ya ndugu wote wa jenasi waliokuwa kwenye jiwe lilelile. Hii ya mwisho karibu hakuna anayeiandika, wakati ndo itakayomwambia atakayefungua karatasi hiyo miaka thelathini ijayo akamtafute mzazi wa pili wapi.

Mvua za vuli zikishakolea majani mapya yanafunguka, vifuko vinakuwa vyeupe wiki chache tu kisha vinageuka kahawia. Chupa za spiriti na asidi ziwe zimeshajazwa na kuandikwa namba kabla ya kupanda.